Ushauri: albamu ya Yokohama au picha 6 za Kimbei?

Mkusanyaji: Wakuu, muuzaji amenipa hadi Ijumaa. Kuna albamu ya picha za zamani za Japani, kutoka Yokohama, yenye jalada jeusi la vanishi, na kuna picha 6 huru (hazimo kwenye albamu) za Kusakabe Kimbei, mpigapicha wa Yokohama, zimepakwa rangi kwa mkono. Bei ni ileile. Nichukue ipi?

Lenzi10: Umetuficha yote ya maana. Albamu ina picha ngapi? Zimebandikwa upande mmoja wa kurasa au pande zote mbili? Zile 6 huru zina namba?

Mkusanyaji: 38, pande zote mbili. Zile 6 zina namba na maelezo meupe chini.

Mzee wa Ute: Albamu nyingi za aina hii ziliuzwa na picha 50. Kama hii ilikuwa hivyo, kurasa 6 zimekatwa. Kagua mshono kama kuna mabaki ya kadibodi. Mimi ningechukua albamu hata hivyo.

Lenzi10: Namba nayo isikuzuge. Kimbei aliuza pia picha kutoka negativu (vioo vya kuchapia picha) za Beato na Stillfried, wapigapicha waliomtangulia, kwa hiyo namba inakuambia duka tu, si lazima mpigaji.

Bi Rangi: Angalia hali kwanza. Madini ya fedha yanayounda picha hufifia, rangi ya mkono hubaki, kwa hiyo kimono chekundu kinaweza kukudanganya. Tazama theluji ya Fuji na nyuso: zikiwa za njano, na mikunjo ya nguo haionekani, picha imeshakwenda.

Na usiruhusu mtu azisafishe! Kuna albamu fundi alizinyoosha picha zake kwa mvuke. Rangi zile zimeshikwa na gundi inayoyeyuka majini, basi nyekundu ya mshipi ikachuruzika hadi mkononi. Karatasi ikavimba kuliko ute wa yai ulio juu yake, ule unaoshika picha, ute ukapasuka nyufa ndogondogo picha nzima. Hakuna dawa. Vumbi lipeperushe kwa brashi laini, basi.

Mkusanyaji: Kwa hiyo nisichukue albamu?

Bi Rangi: Sijasema hivyo.

Tope la Wino: Kama hofu ni kufifia, tafuta kolotaipi, yaani picha zilizochapwa kwa wino, za mpigapicha Ogawa Kazumasa. Ni wino, hauondoki.

Mzee wa Ute: Hizo ni machapisho, ndugu yangu.

Tope la Wino: Yamepakwa rangi vizuri kuliko picha za Farsari wako, yule mpigapicha wa Yokohama.

Mzee wa Ute: Farsari! Negativu zake ziliungua 1886, akaanza upya, na bado wapaka rangi wake walikuwa bora Yokohama nzima.

Lenzi10: Mkusanyaji, zile 6 zina kadibodi nyuma? Ulinganishe unene na kurasa za albamu. Huenda zilikatwa humo. Muuzaji ni mmoja?

Mkusanyaji: Ndiyo, mmoja.