Tupeane uzoefu: kazi yako uliichagua kwa akili, au tabia yako ndiyo iliyokuchagulia?

Mleta mada (Mwanga, Kigoma): Jana nilimsindikiza mdogo wangu mwaloni Kibirizi, akatoa akiba yake ya miaka minne yote na kununua dagaa wabichi, huku mimi nikitazama mawingu. Tumenyonya ziwa moja na kukulia kando ya ziwa moja, lakini yeye hulala usingizi mali yake ikiwa imeanikwa mchangani, nami ni karani wa stoo kwa sababu moja tu: mshahara wangu ni mdogo, ila siku yake naijua. Wenzangu mnasemaje?

Mkulima (Urambo): Nakuunga mkono. Mimi ni mzito wa kuamua, ndiyo maana tumbaku inanifaa: kitalu mwaka huu, malipo mwaka ujao, na katikati hakuna fedha ya kunitia majaribuni.

Mvuvi (Katonga): Umenitonesha kidonda. Mimi ni mtu wa papara tangu utotoni, na uvuvi niliupenda kwa kuwa unavua usiku na asubuhi unashika fedha. Aprili 2024 nilikopa kwenye kikundi nikanunua nyavu na taa za sola, ingawa tulikwisha kuambiwa kwamba Ziwa Tanganyika litafungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Nilijiambia kwamba giza moja zuri, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi, lingelipa deni lote. Giza lile tulivua ndoo za kuhesabika, kisha ziwa likafungwa. Nikauza taa moja baada ya nyingine, panya wakatoboa nyavu, na Julai wanakikundi wakaja nyumbani. Mke wangu hakusema neno. Alikitoa cherehani chake mlangoni, shati la shule la mtoto likiwa bado limebanwa chini ya sindano. Mpaka leo nikisikia cherehani cha jirani, naondoka barazani.

Mwalimu (Tabora mjini): Pole, lakini hiyo si tabia, ni uzembe. Tarehe uliijua.

Mvuvi (Katonga): Mwalimu, wewe unayekula maembe ya kuokota utaijuaje njaa ya mvuvi?

Mwalimu (Tabora mjini): Maembe yameingiaje hapa? Nami nina madeni, ila sikopi kwa kutegemea giza.

Mama lishe (Ujiji): Mwenye papara amkabidhi mkewe fedha.

Fundi baiskeli (Kasulu): Si kila mke, mama. Wangu ana huruma kuliko mimi. Hukopesha hata ada ya watoto.

Mfuga nyuki (Sikonge): Mwenye papara anunue mizinga aitundike porini, kwa maana akiba yenye nyuki haitolewi ovyo.

Mvuvi (Katonga): Nitaijaribu hiyo, mzee wangu. Cherehani bado sijakirudisha.

Mleta mada (Mwanga, Kigoma): Mdogo wangu amenipigia sasa hivi kuniomba maturubai mawili, kwa kuwa wingu limesimama upande wa Kongo. Ninalo moja.