Sensa ya krenki: mpya ya Kichina, mtumba wa Japani, au nianze na waya?

Uyole_Kwetu: Wakuu, naomba ushauri. Gari inazima ghafla ikishapata moto, hasa kwenye kupanda. Ikipoa nusu saa inawaka kama kawaida. Fundi kasema sensa ya krenki, ile inayoipa kompyuta ya injini ishara ya mzunguko wa krenki. Mwanjelwa hapa Mbeya nimepata mpya ya Kichina 35,000 na mtumba 50,000. Denso mpya, ya kampuni ya Japani, ni kuagiza Dar, 150,000. Keshokutwa naenda Iringa. Nichukue ipi?

Soweto_Umeme: Gari gani, injini gani? Taa ya cheki enjini inawaka? Ikizima, mshale wa RPM unadondoka sifuri papo hapo wakati gari bado inatembea?

Makambako_Spea: Mtumba. Kitu kilichotoka na injini Japani hakina mpinzani.

Uyole_Kwetu: Samahani wakuu. Toyota Premio ya 2002, injini 1ZZ-FE. Mshale unadondoka papo hapo. Taa inawaka siku nyingine, siku nyingine haiwaki.

Soweto_Umeme: Basi usitoe hela kabla ya kupima. Sensa hiyo ni koili na sumaku, waya mbili, ipo mbele karibu na puli ya krenki. Chomoa soketi, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye ohm. Ikiwa baridi isome 985 hadi 1,600. Ikiwa moto 1,265 hadi 1,890. Koili iliyoanza kukatika ndani husoma vizuri asubuhi, na baridi yetu hii ndiyo kabisa, halafu inakatika kabisa ikipata moto. Kwa hiyo pima pale pale ilipozima. Huna multimita? Piga stata ukitazama mshale wa RPM: usipotikisika kabisa, ishara haifiki kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Funika sensa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Ikiwaka mapema kuliko kawaida yake, umempata mbaya wako. Na asije mtu akakuuzia pampu ya mafuta: ishara ya krenki ikipotea, cheche na pampu vinakatwa pamoja.

Mafinga_Juu: Ya bei rahisi kaa nayo mbali. Kuna Toyota Spacio yenye injini hiyo hiyo ya 1ZZ iliwekewa mpya ya bei hiyo. Ohm sawa kabisa, mchana inawaka vizuri, asubuhi Mafinga haiwaki. Wakabadili betri, plagi, koili za plagi, hadi stata. Mwisho sensa mbili zikalazwa pamoja mezani: ncha ya mpya ilikuwa fupi, haifiki karibu na meno ya krenki ambayo sensa inayasoma. Nafasi ikiwa kubwa ishara inakuwa dhaifu, na asubuhi stata inazungusha polepole, basi ndiyo inapotea kabisa. Hela ya Denso mbili iliishia hapo.

Makambako_Spea: Ndiyo maana nasema mtumba.

Soweto_Umeme: Mtumba una umri sawa na alionao, mkuu. Akiutaka, auzamishe ncha kwenye maji ya moto hapo hapo dukani huku multimita imeshika.

Igawilo_Waya: Mbona mnaruka soketi? Sili ya mbele ya krenki ikivuja, oili inashuka hadi kwenye soketi na pini zinalegea. Pima ohm ukiwa upande wa kontroli boksi, mwenzako atikise waya. Na kama kifaa cha kusoma kodi za hitilafu kinakataa kusoma Premio ya Japani, unganisha pini 4 na 13 kwenye soketi ya chini ya usukani, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu mimweko ya taa ya cheki enjini. Kodi 12 au 13 (mmweko mmoja, kituo, kisha miwili au mitatu) ni ishara ya krenki. Pini 16 usiiguse, ina umeme wa betri.

Kitonga_Dereva: Ng'oa termostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza hadi injini ipate moto, gari ipoe. Ukianza kupanda utanikumbuka.

Igawilo_Waya: Hapana! Bila termostati injini haifiki joto lake kwenye baridi hii, kontroli boksi inaendelea kumwaga mafuta. Gari itakunywa petroli hadi Makambako, na sensa mbovu bado ni mbovu.

Kitonga_Dereva: Magari mangapi yanatembea bila hiyo kitu?

Uyole_Kwetu: Yangu ilishatolewa na fundi wa mwanzo. Niirudishe kabla ya safari? Na pini ya 13 naihesabu kutoka wapi?

Igawilo_Waya: Safu pana ikiwa juu: 4 ni ya nne juu kutoka kushoto, 13 ni ya tano chini.