Mjadala: Marekani, muuguzi mpya wa ADN ana nafasi ya kazi sawa na wa BSN?

Mleta mada
Wakuu, tuliweke hili mezani. Marekani kuna njia mbili kubwa za kufika kwenye leseni ya RN (muuguzi aliyesajiliwa): ADN, ngazi ya uuguzi iliyo chini ya shahada ya kwanza, inayosomwa chuo cha jamii na kuhesabiwa kuwa ya miaka miwili, na BSN, shahada ya kwanza ya uuguzi, ya miaka minne chuo kikuu. Mtihani wa leseni ni huo huo mmoja, NCLEX-RN, na anayefaulu kwa ADN anapewa leseni ile ile. Msimamo wangu: mwenye ADN asikose usingizi. Aanze kazi, BSN ataimalizia huku analipwa. Anayepinga aje na hoja.

Mama Wodi
Napinga. Leseni ni moja, mlango wa kuajiriwa sio mmoja. Soma tangazo la kazi taratibu. Kuna linalosema BSN ni sharti, na kuna linalosema BSN ipatikane ndani ya miaka kadhaa tangu kuajiriwa, mara nyingi mitano. Watu huyasoma kama ni tangazo moja. Kwenye lile la kwanza, fomu ya mtandaoni ikikuuliza kama una BSN nawe ukajibu hapana, maombi yanaweza kuchujwa kabla binadamu hajayaona. Kwenye lile la pili unaajiriwa, ila umetia sahihi deni la muda.

Kuna na milango iliyofungwa kabisa. Ofisa muuguzi wa jeshi la nchi kavu lazima awe na BSN. New York haijaufunga, ila ilipitisha sheria Desemba 2017: RN mpya awe na BSN ndani ya miaka 10 tangu kupata leseni.

Kiraka
Kwanza tuache hii lugha ya "miaka miwili". Kabla ya kuingia ADN unadaiwa anatomia na fiziolojia sehemu mbili, mikrobiolojia, na mara nyingi saikolojia na takwimu. Ongeza foleni ya kusubiri nafasi chuoni. Mpaka unavaa sare, mitatu imeisha. Hata hivyo nasimama na mleta mada, kwa sharti moja: programu ya chuo iwe na ithibati, yaani imekaguliwa ubora wake na ACEN au chombo kingine cha uuguzi kinachotambulika kitaifa. Kibali ambacho chuo hupewa na bodi ya uuguzi ya jimbo kinakuruhusu kufanya NCLEX, basi. Ithibati ndiyo vyuo vingi huiangalia unapotaka kuunga BSN. Mtu asipoiuliza mapema hugundua akiwa ameshalipa ada yote.

Zamu ya Usiku
Mnabishana kuhusu vyeti wakati wengi wanakwamishwa na kalenda. Hospitali nyingi huchukua wahitimu wapya kwa makundi, kwenye programu ya mafunzo kazini ambayo aghalabu huchukua mwaka mmoja. Dirisha la maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla ya mahafali na linaweza kufungwa baada ya wiki chache tu. Anayesubiri leseni ndipo aanze kutafuta, kundi limeshajaa.

Mpangilio ni huu. Muhula wa mwisho, omba kazi na huku unapeleka maombi ya leseni bodi ya jimbo. Alama za vidole ziende mapema kwa sababu ndizo huchelewesha. Jisajili NCLEX, dola 200. Ukipata kibali cha kufanya mtihani, chukua tarehe ya karibu, maana kibali kina ukomo. Mtihani una maswali 85 hadi 150, ndani ya saa tano. Ukifeli utasubiri siku 45, na hizo siku 45 zinatosha kukupotezea nafasi uliyokwisha ahidiwa, uwe na ADN au BSN.

Na mtego mkubwa: ukikosa hospitali ukakimbilia nyumba ya wazee, kazi ni halali na ina mengi ya kufundisha, lakini baadhi ya hospitali hazitaihesabu kama uzoefu wa wagonjwa waliolazwa hospitali. Wakati huo huo programu za wahitimu wapya nyingi hazimtaki aliyemaliza chuo zaidi ya mwaka. Unakuwa sio mpya, na kama mzoefu pia hawakutambui. Hapo mwenye ADN anabanwa zaidi kuliko wa BSN.

Mleta mada
Sawa, hilo la kalenda nakubali. Ila hoja kwamba BSN inaokoa maisha mnaipigia debe kupita kiasi.

Mama Wodi
Sijaitaja, ila kwa kuwa umeigusa: utafiti wa Linda Aiken na wenzake wa 2003, hospitali 168 za Pennsylvania. Kila asilimia 10 ya wauguzi wenye shahada iliyoongezeka iliendana na uwezekano wa kufa uliopungua kwa asilimia 5 kwa wagonjwa wa upasuaji.

Kiraka
Iliendana, dada yangu, haina maana ilisababisha. Hicho ni kipimo cha hospitali nzima, hakimpimi muuguzi mmoja mmoja. Na Magnet, hadhi wanayopewa hospitali zenye uuguzi bora, nayo watu huitaja vibaya: masharti yake ya shahada yanawabana viongozi wa uuguzi, hayadai BSN kwa kila muuguzi wa kitandani. Ila idara ya ajira ikiwa na waombaji wengi kuliko nafasi, itachuja kwa BSN kwa sababu ni rahisi kuchuja.

Zamu ya Usiku
Ndiyo maana mwenye ADN asiingie kwa mlango wa fomu. Afanye kazi ya usaidizi wa wauguzi kwenye wodi hiyo hiyo wakati anasoma, hata zamu mbili kwa wiki. Meneja anayemfahamu anaweza kumwombea nafasi moja kwa moja. Akishaingia, aulize mambo mawili kabla ya kusaini: hospitali inachangia kiasi gani kwenye ada ya BSN (hadi dola 5,250 kwa mwaka haikatwi kodi ya serikali kuu), na akiondoka kabla ya muda anarudisha kiasi gani. Jibu la pili ndilo huwa limeandikwa kwa maandishi madogo.