Nimpeleke wapi mzee wangu akasikie bendi ya kweli hapa Dar?

kijana_wa_korogwe

Habari za usiku wakuu. Naomba msaada wa wale wanaotoka usiku kufuata bendi, sio wa klabu za madijei.

Mzee wangu anakuja Dar wiki ijayo kutibiwa macho, atakaa kwangu Tabata kama wiki tatu hivi. Huyu mzee alifanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki toka 1976 hadi 1988 akaamua kurudi zake Korogwe, na toka nimepata akili sijamsikia anaongelea Dar bila kuongelea bendi. Kiwanda chenyewe kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz, ila yeye moyo wake uliishia kwa bendi ya Sikinde. Anasema mwisho wa mwezi wakitoka zamu wanaoga palepale, wanavaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, wanaenda kwa miguu mpaka ukumbini ili ile nauli iongezee kiingilio. Mama yangu alimpata hukohuko kwenye dansi. Sasa hivi ana miaka 71 na mara ya mwisho kukaa mbele ya bendi hata haikumbuki.

Shida ni kwamba mimi nimehamia hapa mwaka jana na wikiendi nyingi nimezunguka, Sinza, Kinondoni, Mikocheni, Kimara hadi Mbezi huko. Nyingi nilizokuta ni bendi za watu watatu wanne, kinanda kina biti ndani, mpiga gitaa kasimama tu anagusa mara mojamoja, mwimbaji anapiga kopi za nyimbo za redioni. Sio kwamba wanaimba vibaya, wengine wana sauti hatari, ila sio kitu alichokuwa ananisimulia mzee. Usiku mmoja tu Mwananyamala nilikuta baba mmoja mtu mzima anapiga solo amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho kafumba, aisee nilisahau hadi soda yangu ikachemka mezani, ila niliporudi wiki iliyofuata baa ile ilikuwa imeshabadilisha, wameweka dijei.

Kwa hiyo wakuu nataka bendi yenye matarumbeta, tumba, magitaa matatu, watu wanaopiga nyimbo zao. Bado zipo? Na mtu mzima asiyeona vizuri nampelekaje bila kumchosha?

Msondo_Damu

Mkuu kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu, halafu mwambie mimi ni shabiki wa Msondo, watani wa Sikinde yake, kwa hiyo tutaongea vizuri akishakubali kwamba baba ya muziki ni mmoja.

Zipo mkuu, usikate tamaa. Msondo ipo toka 1964, ilianza kama NUTA Jazz bendi ya chama cha wafanyakazi, chama kikabadilika jina bendi nayo ikabadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Sikinde ya mzee wako ilizaliwa 1978 pale baa ya Mlimani Park, DDC, shirika la jiji, wakaja kuichukua 1983 ndo maana tunasema DDC Mlimani Park. Na asisahau kukumbuka kwamba waimbaji Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka walitokea kwetu JUWATA kwenda kuijenga hiyo Sikinde yake. Gurumo baadaye akaenda bendi ya Safari Sound, halafu mwisho wa siku akarudi nyumbani Msondo mpaka uzee wake, Mungu amrehemu alitutoka 2014. Nikitaja Gurumo lazima nimtaje na mwimbaji wetu TX Moshi William, huyu 2006 alipofariki mimi nilikaa karibu mwaka mzima siendi dansi, nilikuwa naona nikifika pale stejini pana shimo.

Mimi nimekulia Ilala. Tulikuwa watoto, hela ya kiingilio hatuna, tunasimama nje ya ukuta wa ukumbi wa Amana tunasikiliza. Ukuta ule ulinifundisha muziki kuliko kitu chochote kwa sababu huoni mtu, unasikia tu, unajua hii ni solo, hii ni second solo inaijibu, sasa tarumbeta zimeingia. Nakwambia hili kwa sababu ya macho ya mzee. Usiwe na hofu kwamba haoni. Dansi la wale watu liko masikioni.

Ushauri wangu nenda Jumapili. Bendi za wakongwe zina tabia ya kupiga Jumapili jioni, watu wanakuja na wake zao, unakuta wazee wenzake kibao. Kumbi zinabadilikabadilika kwa hiyo usiende kwa mazoea, angalia kurasa zao au piga simu kabla. Na sikiliza TBC Taifa wakipiga zilipendwa, mara nyingi matangazo ya dansi yanapita hukohuko.

mtoto_wa_tandale

Wakuu na heshima zote lakini bendi zimeshaisha, mnang'ang'ania kumbukumbu. Live ya Dar ya sasa ni singeli, nenda uswahilini uone watu wanavyopagawa. Na kabla ya singeli kuna mchiriku, Jagwa Music wametoka na vinanda vyao vya Casio vya kitoto mpaka Ulaya wamepiga. Huo nao ni muziki wa hapahapa wa kwetu.

besi_nzito

@mtoto_wa_tandale hakuna anayekataa singeli mdogo wangu, Jagwa nawaheshimu sana, ila ukisema bendi zimeisha unaniuma kwa sababu ndo kazi inayolisha wanangu. Mimi napiga besi mwaka wa 14 huu.

@kijana_wa_korogwe ngoja nikueleze kwa nini unakuta watu watatu na kinanda chenye biti. Mwenye baa anatoa bei ya kumaliza, tuseme laki nne usiku mzima. Sisi tuko saba. Kirikuu cha kubeba vyombo kwenda na kurudi elfu 60, fundi mitambo elfu 50, inabaki laki mbili na tisini mnagawana saba, mtu anaondoka na elfu 41 na kidogo baada ya kupiga toka saa tatu mpaka saa tisa usiku. Ukiongeza watu watatu wa kupuliza, domo la bata (saksafoni), tarumbeta na trombone, kila mtu anaondoka na elfu 29. Mpuliza tarumbeta mzuri haji kwa hela hiyo, anaenda bendi ya jeshi au magereza anapata mshahara. Kwa hiyo kinanda kinafanya kazi ya mpiga drams, ya mpiga tumba na ya wapulizaji. Sio kwamba hatupendi, mimi nikipata usiku mmoja wa kupiga na drams za mtu na tumba za mtu nalala nikiwa mtu mwingine.

Zamani walikuwa wengi kwa sababu walikuwa na mwajiri. Chama cha wafanyakazi kina NUTA, umoja wa vijana wana Vijana Jazz, Shirika la Bima wana Bima Lee, jiji kupitia DDC wana Sikinde, JKT, Polisi, Magereza kote kuna bendi. Mwanamuziki ana mshahara, vyombo ni vya taasisi, asubuhi mnaenda mazoezini kama watu wanavyoenda ofisini. Redio Tanzania inawarekodi, wimbo unapigwa nchi nzima. Ukiwa na muda wa kufanya mazoezi kila siku ndo unaweza kupanga magitaa matatu yasigombane. Sasa sisi mazoezi ni palepale stejini mbele ya mteja.

Kuhusu kopi nisikilize vizuri. Mteja anayelipa bia anataka wimbo anaoujua. Siku moja kuna meneja wa baa, sitasema wapi, alituma mhudumu stejini tukiwa katikati ya wimbo wetu wenyewe, akasema acheni hiyo wateja wanaondoka. Tulikata palepale. Kiongozi wetu alikuwa ameutunga ule wimbo kwa ajili ya marehemu dada yake. Kwa hiyo ukikuta bendi inapiga wimbo wake mwenyewe, tafadhali usitoke kwenda chooni wakati huo, kaa, na ukimaliza kusikiliza nenda kamwambie kiongozi umeupenda, sisi tunakumbuka sura za watu kama nyie miaka na miaka.

Na umpeleke mzee mapema ila msitoke mapema. Bendi saa ya kwanza inapasha. Nyimbo za zamani zimejengwa hivi, unaanza taratibu, mashairi yanakaa, kisa kinasimuliwa, halafu inaingia chemko, pale magitaa yanaanza kufukuzana na tarumbeta zinarudia kipande kilekile mpaka mtu anasimama bila kujua. Bendi ikiwa imeshapata joto chemko linaweza kwenda dakika kumi.

DadaWaMagomeni

Jamani huyu kaka kauliza na jinsi ya kumpeleka mzee asichoke, nyie mnamwaga historia tu (nzuri lakini, besi_nzito umenitoa machozi na huyo dada marehemu).

Kaka yangu mimi nampelekaga mama yangu mzazi, yeye wa taarab enzi zile za hoteli ya Travertine hapa Magomeni, na dansi pia anaenda. Usimkalishe karibu na spika, kaa ubavuni usawa wa mpiga rhythm, pale unasikia kila kitu na mnaweza kuongea. Chagua ukumbi wa wazi wenye hewa. Mpe kiti chenye mgongo, waombe wahudumu, wakiona mtu mzima wanahangaika naye sana. Mle kabla maana jikoni foleni yake usiku huo ni ndefu, na chukua bajaji ya mtu unayemjua awafuate saa mnayotaka kurudi, usianze kutafuta usafiri saa saba usiku na mtu asiyeona vizuri.

Beba noti ndogondogo. Mzee akiguswa na mwimbaji atataka kwenda kumtunza, ni haki yake, msindikize mpaka mbele, asubiri solo iishe kwanza. Na ukimnong'oneza mwimbaji jina la mzee wakalitaja katikati ya wimbo, hiyo zawadi hautaweza kuilipa popote. Mama yangu alitajwa mwaka juzi mpaka leo wageni wote wakija nyumbani wanasimuliwa.

kijana_wa_korogwe

Asanteni sana wadau. Nimechukua yote. Mzee kafika jana, nimemsomea comenti zenu, ya Msondo_Damu kaifurahia na kasema tutaonana.

kijana_wa_korogwe

Wakuu narudi na mrejesho, samahani ni ndefu.

Tumeenda Jumapili, Msondo. Ndio, Sikinde mzima kaenda Msondo, sababu ndo ratiba niliyoipata, akasema sawa nikamuone mtani. Kavaa shati la kitenge alilokuja nalo kutoka Korogwe na kofia, jicho moja lina bandeji. Tumekaa ubavuni kama dada alivyosema. Saa ya kwanza mzee kimya kabisa, mikono kwenye magoti, nikaanza kuona nimemtesa bure, namuuliza baba unajisikiaje ananiambia subiri.

Halafu wapulizaji wakaingia. Sijui niseme vipi, mimi nilikuwa nimezoea kusikia ile kitu kwenye simu, kumbe tarumbeta ikiwa mita tano inakupiga kifuani. Mzee akanishika mkono akaanza kunihesabia, huyu ni solo, huyu wa pili anamjibu, sikiliza rhythm haondoki pale, sasa besi anashuka, sasa tumba. Haoni steji anaona vivuli tu lakini alikuwa anajua kila mtu anafanya nini kabla hajafanya. Lilipokuja chemko akasimama. Nikataka kumshika, akaniondoa mkono, akacheza palepale pembeni ya meza, hatua fupifupi, mabega yametulia, mama mmoja wa meza ya jirani akainuka akacheza naye kwa heshima kabisa mpaka wimbo ukaisha. Mimi sijawahi kumuona baba yangu akicheza. Nina miaka 34.

Nilipeleka jina lake. Mwimbaji akalitaja, akaongeza na "wa Urafiki" maana nilikuwa nimemwandikia kwenye karatasi, na kwenye meza za nyuma wazee wawili wakapiga kelele, nao walikuwa wa Urafiki, mmoja idara ya kufuma. Walikaa wote watatu hadi mwisho wanaulizana nani yuko hai.

Kwenye bajaji hakuongea kitu mpaka tumefika Tabata. Akashuka akasema, mama yako angekuwepo. Basi.

Sasa tiketi yake ya kurudi ilikuwa Ijumaa hii, asubuhi kaniambia nikaibadilishe iwe Jumatatu. Kwa hiyo anayejua Jumamosi hii Sikinde wanapiga wapi na wanaanza saa ngapi aandike hapa, na besi_nzito nitumie inbox unapopiga, nataka nije kusikia ule wimbo wa dada yake kiongozi wenu.