Uwanja wa kuku wenye paa huko Luchelele: nitawazuiaje kenge, nguchiro na mwewe?

Mama Vifaranga, Luchelele

Habari zenu wafugaji wenzangu. Ninaishi Luchelele, Mwanza, upande wa Ziwa Victoria, na ninafuga kuku wa kienyeji wasiozidi ishirini pamoja na vifaranga vyao. Banda la kulala ninalo na ni imara. Shida yangu ni mchana, kwa sababu kuku wakishatoka, mwewe hubeba vifaranga na kenge hupanda kutoka kwenye matete wakala mayai hata nikiwa jikoni hapo karibu. Nimekusudia kujenga uwanja wa mita tatu kwa sita ulioungana na banda, uliozungushiwa wavu na kufunikwa juu, ili kuku wapate jua na hewa bila mimi kuwalinda kutwa.

Kikwazo ni kwamba kiwanja changu ni mwamba mtupu. Jembe linagonga jiwe kabla halijazama. Fundi niliyemwita anasema wavu wa kawaida wa kuku unatosha. Naomba kujua wavu upi unafaa, nitazibaje upande wa chini bila kuchimba mtaro, na kama ni lazima kuezeka bati uwanja wote au nyavu kuukuu za uvuvi zinatosha, maana hizo zinapatikana mwaloni, wanakoshukia wavuvi, kwa bei ndogo.

Mfugaji wa Igombe

Dada, wavu anaousema fundi wako, ule wa matundu ya pembe sita, umetengenezwa kumzuia kuku asitoke, wala haukukusudiwa kumzuia adui asiingie. Nyaya zake zimesokotwa tu, kwa hiyo mbwa akiuvuta kwa meno unafumuka, na ukishashika kutu hata paka anaupasua. Tafuta wavu wa chuma uliochomelewa kila mahali nyaya zinapokutana, wenye matundu ya nusu inchi. Kwa kuwa bei yake si ndogo, uzungushe kuanzia chini hadi kimo cha mita moja, kisha juu yake uweke wa matundu ya inchi moja. Sehemu ya chini ndiyo yenye hatari kubwa: kifaranga hupenya kwenye tundu kubwa akatoka nje, na paka huingiza mkono akamvuta kuku aliyelala ameegemea wavu.

Kuhusu mtaro, usihangaike nao. Wavu ukifika ardhini uukunje kuelekea nje ulale chini kwa upana wa sentimita 50 hadi 60, kama herufi L, uufunge vizuri kwa waya wa kufungia, halafu upange mawe juu yake. Mnyama anayefukua huanzia pale ukuta unapogusa ardhi, na makucha yake yakikutana na chuma hufukua palepale mpaka achoke, wala hawazi kurudi nyuma hatua moja aanze upya. Pale mwamba unapochomoza na wavu hauwezi kulala sawa, jaza mawe madogo kwa saruji bila kuacha mwanya, kwa sababu nguchiro ni mwembamba kuliko anavyoonekana. Mawe huku kwetu hayanunuliwi, kwa hiyo usiyaonee huruma.

Fundi Buhongwa

Nakubaliana na aliyetangulia, ila suala la paa halijajibiwa. Nyavu za uvuvi zinazuia mwewe na kunguru, na hapo ndipo faida yake inapoishia. Jua huzidhoofisha, paka na kanu (mnyama mdogo wa porini anayefanana na paka) huzipasua, na nyoka au ndege akinasa humo utakuwa na kazi ya kukata na kushona. Mimi ningeezeka bati nusu ya uwanja, upande unaogusana na banda, na nusu nyingine ningefunika kwa wavu wa chuma. Chakula na maji vikae chini ya bati, ili mvua za masika zisivitie tope na kinyesi cha ndege wa porini kisidondokee humo. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia kideri, una njia nyingi za kuingia, na chanjo ya matone ya jicho ya kila miezi mitatu haiondoi haja ya usafi.

Urefu wa uwanja uelekee mashariki na magharibi, kwa kuwa hapa tuko karibu na ikweta na jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalopiga ubavuni. Mteremko wa bati umwage maji nje ya uwanja. Kati ya bati na ukuta acha nafasi ya kupitisha joto, lakini uizibe kwa wavu, kwani hapo ndipo mafundi wengi husahau. Papi, yaani mbao zinazobeba bati, zifungwe kwenye nguzo kwa waya pamoja na misumari, maana upepo wa ziwani ukiingia chini ya bati huling'oa lote.

Nguzo haziwezi kuzama kwenye mwamba, basi simamisha mirunda ndani ya ndoo kuukuu za rangi za lita ishirini na uzijaze zege. Wavu upigiliwe upande wa nje wa nguzo, ili mnyama akiusukuma aukandamize kwenye mti badala ya kuung'oa, na juu ya misumari upigilie ubao mwembamba unaoubana wavu kwa urefu wake wote.

Mama Vifaranga, Luchelele

Nashukuru sana, ndugu zangu. Nusu bati na nusu wavu naimudu. Je, kenge hawezi kupanda akaingilia juu?

Mstaafu wa Bwiru

Anapanda, mama, tena vizuri, ndiyo maana ile nusu isiyo na bati haifai kuachwa na nyavu za uzi. Kenge hutafuta chakula mchana jua likiwa kali, kwa hiyo viota viweke ndani ya banda na mayai uyaokote mapema. Fyeka matete na nyasi kuzunguka uwanja, asipate pa kujificha. Sumu usitege, italiwa na kuku au mbwa wako kwanza. Siafu hawazuiliwi na wavu wowote; wengi wetu humwaga majivu kuzunguka banda na kuyarudia kila baada ya mvua.

Mlango nao uwe na kizingiti cha mbao kilichogusa ardhi, ufungukie ndani, uwe na komeo juu na chini pamoja na kufuli, kwa kuwa mwizi wa miguu miwili hajatajwa hapa na yupo.