Natafuta mfinyanzi Dar wa kunitobolea chungu kikiwa kibichi

MamaLishe_Tandika: Habari zenu. Mwaka juzi nilikwenda Seoul kumwona mdogo wangu anayesoma huko, akanipeleka Jongno kwenye makumbusho ya tteok, ile mikate yao ya mchele, na vyombo vya jikoni. Vinu, mawe ya kusagia, vibao vya kuchapa nakshi. Miye hapo sikubanduka!

Kilichonishika zaidi ni siru. Chungu kipana, kitakoni kina matundu. Unakipandika juu ya sufuria la maji, unatandaza kitambaa, unamimina unga wa mchele, mvuke unaupanda kutoka chini. Vyombo vinapokutana wanazungushia ukanda wa unga uliokandwa ili mvuke usitoroke. Nikamkumbuka bibi yangu, alivyokuwa akiziba sufuria la biriani vilevile.

Sasa mjukuu wangu anatimiza siku mia mwezi ujao. Wakorea siku hiyo humpikia mtoto baekseolgi, mkate mweupe wa mchele mtupu, nami nimeutia moyoni. Nimetoboa chungu cha dukani kwa msumari, kikapasuka vipande vitatu. Nikajaribu sufuria la mvuke: juu umelowa chepechepe, katikati mchanga.

Fundi_Udongo: Shikamoo mama. Kilichochomwa usikiguse tena. Waulize wauza vyungu wanakochukua mzigo, uende mwenyewe kwa mfinyanzi na mchoro. Matundu yatobolewe udongo ukiwa umeshika kidogo, kabla haujakauka.

BintiKurasini: Mama, kosa ni unga wa mashine, mkavu mno. Niliwahi kufanya kazi kwa familia ya Kikorea Masaki. Loweka mchele usiku kucha, chuja, twanga kwenye kinu, chekecha. Kisha nyunyiza maji kidogo kidogo ukifikicha. Finya konzi moja, irushe juu kidogo kiganjani: ikimeguka, maji bado. Ikishikana, chekecha tena, umimine bila kushindilia, maana ukishindilia mvuke haupiti. Na mfuniko uvalishe kitambaa, ndio uliokudondoshea maji. Mchele wetu wa kawaida unafaa, hauhitaji ule wa kunata.

MamaLishe_Tandika: Marahaba mwanangu Fundi. Binti, Mungu akuzidishie, hilo la kutoshindilia ndilo lililoniangusha, miye niliukandamiza kwa mwiko kama ugali. Kinu ninacho. Jumamosi naenda kwa mfinyanzi. Matundu yawe na upana gani?

Fundi_Udongo: Kama kidole cha mwisho, mama. Mwambie akupe na masikio mawili ya kushikia, kikijaa unga kitakuwa kizito.