Upupu umevamia uzio wangu, nautoaje bila kuwasha mtaa mzima?

Mama Wawili
Habari za asubuhi wakuu. Tumehamia kwetu Kibaha mwezi wa tano. Kiwanja cha jirani kina pagale, mwenyewe hajulikani, na upupu umetoka huko ukapanda michongoma yangu mpaka kwenye mwembe. Mwanzo niliona maua ya zambarau yananing'inia, nikasema pambo hilo! Sasa ni maganda yaliyojikunja kama herufi S, yana manyoya ya rangi ya dhahabu, na yameanza kukauka. Upepo ukivuma, nguo za kwenye kamba hazivaliki. Juzi mwanangu wa miaka 4 kavaa fulana iliyotoka kuanuliwa, alilia mpaka usingizi ukamchukua. Kibarua wa kwanza katazama juu, akasema "dada, hii siiwezi." Wa pili anataka mafuta ya taa auchome. Nimruhusu?

Babu Shamba
Usithubutu! Kwetu Handeni kijana mmoja aliuwasha moto asubuhi, joto likainua vinyweleo kabla havijaungua. Mpaka mbuzi walikuwa wanajisugua ukutani. Na hiyo michongoma si itateketea nayo?

Chura wa Mtoni
Mnanikumbusha bweni. Jamaa aliubeba mfukoni aumwage kwenye kitanda cha kiranja. Kiranja aliwashwa dakika kumi, jamaa siku nzima 😂 Samahani dada, endeleeni.

Mkulima Mstaafu
Mama Wawili, adui yako ni ukavu na upepo. Toka alfajiri umande ukiwepo, chukua bomba la kupulizia, weka maji na sabuni ya unga kidogo, lowesha maganda yote mpaka yachuruzike. Kinyweleo kilicholowa hakipeperuki. Anza na maganda: kata kichala kizima kwa mkasi, usikivute, kiingie kwenye kiroba kilicholowa. Yakiisha ndipo ukate shina chini na kung'oa mizizi. Viroba fukia shimo la kwenda chini, usiache jalalani watoto wakachezea.
Mavazi: koti la mvua la plastiki, gambuti, glavu ndefu, miwani, kitambaa puani. Sweta hapana, linanasa kila kitu. Na jasho usijifute kwa glavu, hapo ndipo wengi wanapopata macho mekundu.

Mama Wawili
Asante sana mzee wangu. Je, nikipiga dawa ya magugu tu ikauke yenyewe?

Mkulima Mstaafu
Ikikauka ndiyo umeharibu. Mmea utakufa, maganda yatabaki juu yakiwasha kama kawaida, na dawa itaua michongoma.

Babu Shamba
Ukiguswa, paka majivu au kinyesi cha ng'ombe kibichi, yaishe.

Nesi wa Zamu
Babu shikamoo, lakini kinyesi kwenye ngozi iliyochunika kwa kujikuna, hapana. Kile kinyweleo kinachoma ngozi kama sindano, na ndani kina kimeng'enya kiitwacho mukunaini ndicho kinachowasha. Kwa hiyo kitoe kwanza: bandika selotepu, bandua, rudia kwa kipande kipya. Donge la unga wa ngano nalo linafanya kazi. Kisha mwaga maji mengi bila kusugua, wala taulo usitumie. Vidonge vya mzio msivitegemee sana, muwasho huu hauendeshwi zaidi na histamini. Kinyweleo kikiingia jichoni, osha kwa maji safi mfululizo kama robo saa na uende hospitali. Mtoto akipumua kwa shida, msisubiri selotepu wala nini, kimbieni.

Kipepeo
Mbegu zilizoanguka zitaota vuli. Miche ina majani matatu matatu kama maharage, ing'oe kabla haijatoa maua. Na mwone mjumbe akutafutie mwenye pagale, la sivyo kila mwaka utakuwa hapa.

Mama Wawili
Mrejesho wakuu. Jumamosi saa 12 asubuhi tulianza, mimi na yule kibarua wa mafuta ya taa, kila mmoja na koti la mvua. Viroba vitatu, shimo likanifika kiunoni. Nguo tulilowesha kwenye ndoo yake peke yake. Hakuna aliyewashwa, nikajisifu kabisa. Jumapili nikashika mpini wa panga nikate muwa wa watoto. Panga hatukuliosha! Selotepu ya nyumbani imeisha, nesi ubarikiwe. Mjumbe amepata namba ya mwenye pagale, ila haipokelewi.